Barua kwa wazazi, mwisho wa muhula wa kwanza: masomo ya kompyuta, kazi za kununua, na mambo mengine

Lubumbashi

Kwa Baba na Mama wazazi wote wa sekondari,

Jambo yenu.

Buleteni, yaani karatasi za alama za watoto, zitatolewa Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi. Mzazi aje mwenyewe. Hatutampa buleteni kaka, dada wala jirani.

Naanza na furaha, kwa sababu furaha ipo. Wale waliofika Jumamosi iliyopita katika chumba cha kompyuta waliona watoto wetu wakisimama mbele ya watu na kueleza programu walizoziandika wenyewe, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kuna aliyeandika programu ya kuhesabu bei ya meka (vipimo) za mahindi na chenji ya mnunuzi. Kuna waliotengeneza orodha ya vitabu vya maktaba. Na kuna binti wa kalasi ya pili ya humaniti (madarasa ya juu ya sekondari) aliyeandika programu ya kuhesabu buleteni.

Huyo binti nataka mumjue kazi yake kwa karibu. Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, programu yake ilikuwa inatembea bila kosa lolote kwenye skrini, lakini jibu lake lilikuwa baya. Aliingiza alama 9 za periodi (sehemu ya muhula) ya kwanza, 8 za periodi ya pili na 16 za mtihani, mashini ikamjibu: 110 kwa mia. Mwalimu wa kujitolea aliyekaa karibu naye hakugusa klavie (kibodi). Alimpa kipande cha karatasi, akamwambia achore jedwali na aandike kila hesabu inavyobadilika mstari baada ya mstari. Mtoto akaandika 9, halafu 17, halafu 33. Akafika kwenye mstari wa kugawanya, akakuta amegawa kwa 30. Akanyamaza. Kisha akasema mwenyewe: maksima (alama ya juu kabisa) ya mtihani ni mara mbili ya periodi, kwa hiyo ni 10 na 10 na 20, jumla 40. Akarekebisha tarakimu moja, skrini ikaandika 82.5. Jumamosi alieleza kosa hilo mbele ya wazazi bila kulificha. Hiyo ndiyo elimu tunayoitafuta, na nilijivuna sana.

Kazi hii imefanywa na vijana sita wanaojitolea. Wanne wanasomea informatike hapa mjini, wawili wanafanya kazi. Tangu mwezi wa kumi wamekuja kila Jumatano mchana na kila Jumamosi asubuhi. Shule haiwalipi. Teksi wanajilipia. Wazazi wengi wamekuwa wakiniuliza wanafanya nini hasa kule ndani, basi naeleza.

Kila mwalimu anachukua watoto sita, si zaidi, kwa mashini tatu. Wawili wanakaa mbele ya mashini moja: mmoja anaandika, wa pili anasoma kwa sauti na kutafuta makosa, na kila baada ya dakika 15 wanabadilishana nafasi. Tusipofanya hivyo, mtoto mwenye haraka anashika klavie saa nzima na mwenzake anaangalia tu. Maelezo ya mwalimu hayapiti dakika 15. Tuliona mapema kwamba mwalimu akisema dakika 40, hata kama anasema mambo mazuri, watoto wanaandika yote katika kaye (daftari) na hakuna anayeweza kufanya kitu mwenyewe. Na kanuni iliyo ngumu kuliko zote kwa vijana hawa, maana wanajua kazi na wanaona kosa mara moja: mwalimu hagusi klavie ya mtoto. Anauliza swali. Anaonyesha mstari kwa kidole. Mikono yake inabaki kwake.

Masomo ya kwanza mawili yalikuwa ya karatasi na biki tu. Watoto waliandika hatua za kupika bukari (ugali), kisha mwenzao akazifuata kama zilivyoandikwa. Aliyesahau kuandika kwamba maji yachemke kwanza aliona mwenyewe nini kinatokea. Baada ya hapo kalasi ya saba na ya nane zikaingia katika Scratch, programu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambamo mtoto anaunganisha vipande vya amri kama anajenga kwa matofali. Inatembea bila intaneti ikishawekwa ndani ya mashini. Humaniti wanatumia Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Nayo haihitaji intaneti, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

Makosa yanayowashika watoto wetu yanajulikana, na mzazi anayekaa na mtoto nyumbani anaweza kuyatafuta. La kwanza ni koma. Kalasini tunawafundisha kuandika 12,5 kama Wafaransa. Python inataka nukta. Mtoto akiandika 12,5 mashini haikatai: inaelewa kwamba amepewa namba mbili, 12 na 5. Akizidisha kwa 2 anapata (12, 5, 12, 5) na hajui imetoka wapi. La pili: kinachoandikwa kwenye klavie mashini inakipokea kama maneno, si kama hesabu, hata kikiwa tarakimu. Mtoto anajumlisha 5 na 5 anapata 55. Lazima aigeuze kwanza kuwa hesabu. La tatu: mzunguko, yaani amri ya kurudia kazi, wa range(1, 10) unaishia 9. Aliyetaka wanafunzi kumi anakosa mmoja wa mwisho. La nne ni nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo katika Python si urembo, zina maana: mstari uliosogezwa ndani na usiosogezwa havifanyi kazi sawa.

Mashini ikikataa, inaandika maneno ya Kiingereza na watoto wanaogopa. Walimu wamebandika ukutani karatasi yenye makosa sita yanayotokea zaidi, na maana yake kwa Kiswahili. Wanawafundisha kusoma mstari wa mwisho kwanza, ndio unaotaja aina ya kosa, halafu kutafuta namba ya mstari. Na kama mstari huo hauna kosa, waangalie ulio juu yake: mara nyingi ni mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa.

Juu ya mashini zenyewe: tunazo tisa zinazofanya kazi. Baadhi zilikuwa na Windows 7, programu endeshi ya zamani, na Python yoyote iliyo mpya kuliko 3.8 haikubali kukaa ndani yake. Vijana walipoteza Jumamosi moja nzima kabla ya kuligundua hilo. Zile zenye memori ya GB 2 sasa zinatumia Linux nyepesi, programu endeshi nyingine, na zimepata uhai. Mbili zilikuwa zinarudi kwenye tarehe ya zamani kila zikizimwa. Ilikuwa betri ndogo ya duara ya ndani, CR2032, imekwisha. Klavie nyingine ni AZERTY na nyingine QWERTY, na mtoto akibonyeza A akaona Q si kwamba mashini imeharibika, ni mpangilio wa lugha tu.

Umeme ndio unatuchosha. Onduleri (vifaa vya betri vya akiba) tulizonazo zinashikilia mashini dakika chache, zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, hazitoshi kuendelea na somo. Umeme ukirudi tunangoja dakika tano kabla ya kuwasha, kwa sababu unaporudi unaweza kuja na nguvu iliyozidi. Ngurumo za mvua zikianza tunachomoa plagi zote ukutani. Kwa hiyo mtoto akirudi mapema siku ya radi, hakutoroka.

Sasa nafika kwenye jambo lililoniuma.

Kalasi ya tatu ya humaniti walipewa kazi ya nyumbani ya wiki mbili: programu ya kutengeneza fakture (ankara) ya duka, pamoja na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16 kwa mia. Watoto tisa walileta programu moja. Sisemi zinazofanana, nasema moja. Zote zilikuwa na kisanduku cha hesabu kilichoandikwa "jumra" mahali pa "jumla", kwenye mstari uleule, na mstari mtupu mahali palepale. Mwalimu alimkalisha kila mtoto peke yake mbele ya mashini, akamwambia: bidhaa hii haitozwi TVA, badilisha programu yako. Wawili tu waliweza kuonyesha hata mstari ambao TVA inahesabiwa. Saba walikaa wakiangalia skrini.

Tuliuliza, na tukaambiwa ukweli: programu ilinunuliwa kwa mtu wa siberi (kafe ya intaneti), na pesa ilitoka nyumbani. Baba na Mama, pesa ilitoka kwenu. Wazazi wawili walikuja ofisini kwangu kulalamika kwamba sifuri si haki kwa sababu kazi ililipiwa. Nawajibu hapa mbele ya wote, ili nisirudie. Sifuri inabaki. Shule haiuzi alama, na haipokei alama zilizouzwa nje ya ukuta wake. Vijana wanaojitolea walisahihisha kazi hizo usiku, baada ya masomo yao wenyewe, wakiandika maoni kwenye kila karatasi, na walikuwa wanamwandikia mtu wa siberi. Hiyo ni kuwakosea heshima watu wanaowapa watoto wenu muda wao bure.

Na tena ni pesa iliyotupwa. Mtihani wa muhula wa pili utafanyika mbele ya mashini, bila fulashi, bila simu, kwa dakika 50. Aliyenunua hatakuwa na chochote cha kununua siku hiyo. Kuanzia sasa kila kazi ya nyumbani itafuatwa na dakika kumi za maelezo: mtoto anasoma mistari yake, anaeleza kila mmoja unafanya nini, na anabadilisha kitu kimoja atakachoambiwa. Asiyeweza kueleza hana alama, hata kama programu inatembea vizuri sana. Kanuni ni hiyohiyo kwa wanaonakili majibu ya akili bandia kutoka kwenye simu. Kusaidiwa si kosa. Kosa ni kuleta usichokielewa na kusema ni chako. Wale tisa wanayo nafasi ya kuandika kazi upya katika wiki mbili za kwanza za muhula, kwa maksima ya nusu. Wawe na kaye yenye jedwali la karatasi, kama lile la binti wa buleteni.

Kuhusu kukosa kuhudhuria. Masomo haya ni ngazi. Aliyekosa somo la masharti (ikiwa hivi, fanya vile) hataelewa somo la mizunguko, na akirudi mwalimu anawaacha watano wangoje ili amrudishe mmoja nyuma. Sababu nilizozipata katika vikaratasi vyenu ni kuchunga duka, kusindikiza mgeni, kufua. Jumamosi asubuhi ni muda wa saa mbili tu. Nawaomba, na zaidi ya kuwaomba nawaambia: mtoto akikosa mara mbili bila barua ya mzazi, kiti chake kinapewa mwingine. Orodha ya wanaongoja ipo mezani kwangu, na ni ndefu.

Walimu hawa si mafundi wa simu zenu. Msiwangoje mlangoni na simu zilizovunjika skrini, msiwaombe wawafungulie akaunti, na msiwapigie saa nne za usiku kuuliza kwa nini mtoto alipata 11. Ukiwa na swali, lete kwangu. Namba zao hatutoi, wala wao hawachukui namba za watoto. Hiyo ni kanuni ya ulinzi wa mtoto, pamoja na hizi: mlango wa chumba unabaki wazi, mwalimu hakai peke yake na mtoto mmoja, na daima yupo mfanyakazi wa shule anayeandika majina ya walioingia na saa walizotoka.

Mzazi, kaka au shangazi anayejua kazi hii anakaribishwa. Hatudai diploma kubwa. Tunataka saa mbili kwa wiki kwa muhula mzima, bila kukatiza, maana mwalimu anayekuja wiki tatu na kupotea anaharibu zaidi kuliko asiyekuja. Alete nakala ya karata ya utambulisho, na kwanza akae masomo mawili akiangalia tu. Awe tayari kueleza kwa Kiswahili kwanza na kutoa neno la Kifaransa baadaye, na akubali kusema "sijui, tutafute pamoja" mbele ya watoto.

Minervali (karo). Nusu ya wazazi wamelipa yote, nawashukuru. Waliobaki wanajijua, na mimi nawajua. Mafuta ya gurupu (jenereta) yananunuliwa na pesa hiyo, na Jumatano mbili za mwezi uliopita tulikaa gizani kwa sababu pesa haikuwepo. Walimu walifika, watoto walifika, mashini hazikuwaka. Mwenye shida aje tukubaliane malipo ya vipande vitatu, nitamsikiliza. Anayenyamaza mtoto wake hatafanya mtihani wa muhula wa pili.

Sare: soksi nyeupe. Paa la choo cha wavulana limetengenezwa. Fulashi za nyumbani haziingii tena katika chumba cha kompyuta: mbili zilileta virusi vinavyoficha faili na kuacha njia za mkato, na kazi za watoto wanne zilitoweka siku tatu. Shule ina fulashi zake, zimeandikwa namba, zinabaki kabatini.

Masomo yanaanza tena Jumatatu baada ya mapumziko, saa moja na nusu. Pamoja na buleteni mtapata karatasi ya kijani ya masomo ya kompyuta. Itieni sahihi, muandike siku ambazo mtoto ataweza kuja, na mtoto airudishe siku hiyohiyo ya Jumatatu, kwa sababu Jumatano vikundi vitakuwa vimekwisha kupangwa.

Prefe wa Masomo