Turudishieni ubingwa wa msimu mzima

Ndugu Mhariri,

Naishi Charlotte, North Carolina. Mapenzi ya NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya hapa Marekani, niliyapata kwa jirani yangu, mzee aliyekuwa akinipeleka uwanjani kila msimu. Siku hizi haendi, wala haangalii kwenye televisheni.

Wapo wanaosema mashabiki walipungua kwa sababu dereva nyota Dale Earnhardt alifariki mbioni katika uwanja wa Daytona, Florida, mwaka 2001. Sikubaliani. Baada ya msiba ule viwanja viliendelea kujaa kwa miaka kadhaa. Kilichotuchosha ni kuchezewa kanuni. Hadi 2003, bingwa alipatikana kwa pointi za msimu mzima. Mwaka 2004 ubingwa ukaachiwa mbio kumi za mwisho. Mwaka 2014 ukaja mchujo, na hadi 2025 taji likawa la mbio moja tu ya mwisho, madereva wanne wakiligombea. Mtu alihangaika tangu Februari, kisha pancha moja ya Novemba ikamfutia yote! Huo haukuwa ubingwa.

Na viwanja vya nyumbani, hapa North Carolina, navyo vikanyang'anywa mbio: North Wilkesboro mwaka 1996, Rockingham mwaka 2004. Baadaye Daytona nayo iling'oa majukwaa ya watazamaji ya upande wa nyuma.

North Wilkesboro iliporudishiwa mbio kwa kupewa zile za All-Star, mbio maalumu za madereva nyota, mwaka 2023, watu walifurika. Kumbe hamu ipo. Naomba wakubwa wa mchezo huu wawasikilize wazee kama jirani yangu kabla ya kubuni kanuni nyingine.

Shabiki,
Charlotte, Marekani