Mwanangu, umenunua vile vidonge?

Mwanangu, nimeona nikuandikie maana tangu uache nyama, samaki, maziwa na mayai, kwenye simu tukifika kwenye habari ya chakula tunaishia kugombana, na Alhamisi unapanda ndege KIA, sitaki uondoke tumenuniana. Swali langu ni lile lile la jana na juzi, umenunua vile vidonge vya vitamini B12? Usiniambie utanunua huko huko. Huko Ujerumani utafikia kwenye baridi, lugha ngeni, zamu za usiku wodini, nani atakukumbusha?

Nilienda zahanati kumuuliza nesi, sikukwambia. Amesema chuma utapata kwenye maharage na mchicha, ila chai ya rangi usinywe palepale na chakula, subiri kidogo, na ukamulie limao kwenye mboga. Protini nayo haimpi shida mtu anayekula choroko, dengu na karanga. Ila B12 kwenye mimea haipo, inatengenezwa na bakteria, sisi wengine tunaipata kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Na ubaya wake haikuoneshi mapema, ini linaweka akiba, unaweza ukakaa miaka unajiona mzima kabisa alafu ndo ganzi inaanza miguuni, damu inapungua, unakuwa msahaulifu. Wewe ndo unaenda kusomea unesi, haya unaambiwa na mimi niliyeishia darasa la saba?

Na usinitajie bibi yako. Kila tukiongea unasema bibi alifika tisini kwa kiburu na mboga za shambani. Kweli nyama aliiona Krismasi na kwenye misiba, lakini kibuyu chake cha mgando hakikukauka hata siku moja. B12 yake ilikuwa humo kwenye mgando. Wewe na mgando pia umekataa, kwa hiyo wewe na bibi sio kitu kimoja.

Krismasi uliniudhi, nakwambia ukweli. Baba yako mkubwa amekupakulia mwenyewe, we unasukuma sahani mbele za watu. Mashangazi zako wakaniuliza jikoni huyu amekuwa Msabato au amekuwa Rasta, nikakosa jibu. Ungeniambia kabla ningekupikia chako pembeni. Ila niliona pia ulivyowajibu wale vijana waliokuuliza kama mchicha hausikii maumivu, ulijibu taratibu, hukumtukana mtu, ukawaambia hata huyo ng'ombe analishwa majani mengi kuliko ambayo mtu angekula mwenyewe. Nilikuwa mlangoni na sufuria nasikiliza. Nilifurahi, basi tu sikuonesha.

Zile ndizi za Jumapili ulizorudia mara mbili nilizitilia supu kidogo. Nilikuona umepauka. Sitarudia.

Lile swali lako la vifaranga halijanitoka. Naagiza vifaranga vya leya, hawa kuku wa mayai, mia mbili, maboksi yanafika majike matupu, miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza madume wameenda wapi. Hawatagi, na hawanenepi kama kuku wa nyama, kwa hiyo kule kiwandani wanauawa siku ileile waliyoanguliwa. Ukasema huko uendako sheria imekataza tangu 2022, na zile keji za waya mtupu za kuku wa mayai, nchi zote za Umoja wa Ulaya walishazipiga marufuku tangu 2012. Mimi nilikuwa nimeshapatana na fundi anichomelee keji. Sijamrudia mpaka leo, na hela nimeezekea banda.

Lakini na wewe ujue, ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye trei za mayai. Siwezi kuamka kesho nikafunga banda, mdogo wako bado anasoma. Kuku wa nyama ndo nafikiria kuwaacha. Unawalisha chakula cha stata, groa, finisha, wiki ya tano unaingia asubuhi na ndoo ya maji unakuta wengine wamelalia kifua tu, mwili umeushinda mguu, unamsogezea maji mdomoni kama mgonjwa. Nilikuwa nasema ndo walivyo. Na wa kupeleka sokoni siwafungi tena miguu kuwaning'iniza kichwa chini kwenye bodaboda, nimenunua matenga mawili. Bwana mifugo mwenyewe aliniambia nchi hii ina sheria ya ustawi wa wanyama tangu 2008, wala hakuna aliyewahi kutusomea.

Na habari ya ndama. Uliniambia ng'ombe hana maziwa ya kuzaliwa nayo, ana maziwa kwa sababu amezaa, na tunachomkamua ni cha mwanae. Nikakujibu vibaya siku ile. Yule dume tulimuuza ana siku tano, na mama yake alilia usiku tatu. Nilimsikia. Niliongeza sauti ya redio nikalala. Saivi ana mimba nyingine, atazaa mwezi wa tatu, nimemwambia mjomba wako safari hii ndama atabaki na mama yake, sisi tutakamua kinachozidi. Amesema nitapata hasara. Tutaona.

Sasa Danieli wa kwenye Biblia alijaribu kula mboga siku kumi, wewe unasema maisha yote. Sikukatazi tena. Nachotaka ni damu yako ipimwe ukifika na upimwe tena baada ya mwaka, na vidonge umeze hata siku ukiwa umechoka, hasa ukiwa umechoka.

Nimekusagia unga wa uji, hauna dagaa wala maziwa, nilisimama mwenyewe mashineni. Karanga kilo mbili nimekaanga nimezifunga kwenye ndoo ya bluu, usimpe mdogo wako aifungue. Gesi imeisha napika na kuni kwa hiyo ukija kesho njoo na mtungi, na ile nakala ya pasipoti uniachie moja. Sweta la kijani limetoboka kiwiko, lipite kwa fundi.

Na kichupa cha vidonge nipigie picha kikiwa mkononi mwako, unitumie leo kabla duka la dawa halijafungwa.

Mama yako