Magdalena mnamdai nini?

Ndugu Mhariri,

Nina miaka 23 nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Mlipokosea jina la mkuu wa wilaya yetu nilinyamaza. Mliporudia chemshabongo ya wiki iliyotangulia nilinyamaza pia, nikaijaza upya. Ila ile makala yenu ya Pasaka, yenye picha ya mwanamke wa nywele ndefu aliyeinua macho mbinguni, na chini yake mmeandika "Maria Magdalena, kahaba aliyetubu", imenishinda kumeza.

Jina langu ni Magdalena. Wiki mbili baada ya makala hiyo tulikuwa kwenye sendofu ya mjukuu wangu. Nikaitwa mbele kutoa zawadi, nimebeba seti ya sufuria. Mshereheshaji kusikia jina tu, akadaka: "Ohoo, Bibi Magdalena! Yule mama wa mjini! Makofi jamani, ameshatubu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Wakwe zetu wakacheka. Mimi, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa jumuiya, nimesimama pale na sufuria zangu sijui niziweke wapi. Baadaye nikamfuata kwenye meza ya chakula. Hakubishana. Alitoa simu, akanionyesha picha ileile, na jina la gazeti lako juu yake. "Bibi, si mimi, ni gazeti."

Basi tulisome hilo gazeti. Luka sura ya 7 inamtaja mwanamke mwenye dhambi aliyemlilia Yesu miguuni, na jina lake hakulitaja. Magdalena anaingia sura ya 8, pamoja na Yoana na Susana, wanawake waliokuwa wakimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao wenyewe. Ametokwa na pepo saba, ndiyo. Kutokwa na pepo ni kupona, na tangu lini mgonjwa aliyepona akaitwa kahaba? Aliyewachanganya ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake Roma mwaka 591: akamchukua yule wa Luka 7 asiye na jina, akamchukua Maria wa Bethania aliyempaka Bwana mafuta, akawatia wote ndani ya Magdalena, na wale pepo saba akawafanya dhambi kuu saba. Wachoraji wa Ulaya nao walipata walichokuwa wakikitafuta, yaani ruhusa ya kumvua mwanamke nguo ndani ya mada ya toba. Titian alimchora zaidi ya mara moja. Ule mchoro wake wa miaka ya 1530, ulioko kwenye jumba la makumbusho la Palazzo Pitti mjini Florence, Italia, nywele zimefunika kila kitu isipokuwa kile ambacho zilitakiwa kukifunika. Donatello, katika mji huohuo, alimchonga kwa mbao, amekonda hadi mifupa, amevikwa nywele mwili mzima, kwa sababu kufikia hapo walikuwa wameshambebesha pia hadithi ya Maria wa Misri, mtawa wa jangwani. Wanawake wanne ndani ya jina moja, Mhariri! Hata daladala ina idadi ya abiria. Na Waorthodoksi, ambao nao wana watakatifu na picha tele, hawakuwahi kuwachanganya hivyo; wapo wanaomchora ameshika yai jekundu, kwisha.

Roma yenyewe ilishajirekebisha. Kalenda ya Kanisa ya 1969 iliwatenganisha wanawake hao, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, kuwa sikukuu kama za mitume. Habari hiyo haikuwafikia?

Na si Magdalena peke yake. Biblia inasema Hawa alikula tunda. Mchoraji Dürer akachora tofaa, yaani epo, mwaka 1504, na leo mtoto wa darasa la tatu, ambaye hajawahi kuuona mti wa tofaa, ataapa kwamba lilikuwa tofaa. Delila naye! Someni Waamuzi 16: alimwita mtu, Samsoni akanyolewa. Mchoraji Rubens angalau alisoma, katika mchoro wake akampa mkasi kinyozi. Mwenzake Rembrandt mwaka 1636 kamchora Delila mwenyewe anakimbia na mkasi mkono mmoja na nywele mkono mwingine. (Msinielewe vibaya, Delila simtetei, alikula hela.) Lakini tazameni mkasi umeishia mkononi mwa nani.

Ninachotaka ni hiki. Tarehe 22 Julai mchapishe, kwa ukubwa uleule na ukurasa uleule, mchoro ulio katika kitabu cha Zaburi cha St Albans, kilichotengenezwa Uingereza karne ya 12 na sasa kiko Hildesheim, Ujerumani. Humo Magdalena amesimama amevaa nguo zake zote, kidole juu, anawapa mitume habari ya ufufuko, nao wamesongamana upande wa pili kama wanafunzi waliochelewa namba. Chini yake andikeni: "Magdalena akiwaeleza mitume wasichokijua." Yule mshereheshaji mpelekeeni nakala mbili, moja asome, nyingine afungie maandazi.

Kama nafasi ni ndogo, ondoeni chemshabongo. Nimeshaijaza mara mbili.

Magdalena, mwalimu mstaafu,
Songea