Mdogo wangu, waache wajenge, ila mlango ubaki wazi

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu, dakika zote saba. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, kelele nyingi, nikaambulia tu kwamba umekasirika. Mara ya tatu nilikaa na karatasi nikaandika kila ulichosema, maana ulichosema kina uzito na sitaki kukubembeleza kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Mama mdogo naye kanipigia, anasema siku hiyo hata chakula cha jioni hukugusa. Umeniruhusu nikujibu hadharani, nami nimeona ni vyema, kwa sababu wapo vijana wengine wanaoandika nyongeza za gemu, yaani vile vijiprogramu ambavyo wachezaji huviunda wenyewe na kuviongeza kwenye gemu, wenye donge kama lako.

Umesema hivi: "Wametuibia, kisha wametufungia." Unazungumzia World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Blizzard, na toleo lake la Midnight. Kwa miaka mingi nyongeza ziliweza kusoma kila kinachotokea vitani, zikapiga hesabu, zikakwambia bosi, yule adui mkubwa, anakaribia kufanya nini na wewe usimame wapi. Sasa Blizzard wameziba hapo. Nyongeza inaweza kuonyesha baadhi ya taarifa za vita, lakini haiwezi kuzifikiria na kutoa uamuzi. Badala yake wao wenyewe wameweka ndani ya gemu kipimo cha nani amepiga kiasi gani, ratiba ya mapigo ya bosi, na ukumbusho wa uwezo gani wa mchezaji uko tayari kutumika. Waliotengeneza WeakAuras, nyongeza uliyojifunzia wewe, walitangaza mwaka 2025 kwamba hawatatoa toleo lake kwa ajili ya Midnight. Baadaye kampuni ililegeza baadhi ya masharti, lakini kwako tayari ilikuwa msiba. Miezi minane ya usiku wako imo mle.

Pole sana. Naisema kwa moyo wote. Lakini sikubaliani na wewe kwamba kampuni isiguse kabisa kile ambacho wachezaji wamekibuni, na naomba unisikilize mimi niliyeanza kabla yako.

Nilianza kucheza mwaka 2010, nikiwa chuo. Waya wa SEACOM ulikuwa umeshafika Dar es Salaam mwaka mmoja nyuma, Julai 2009, ndipo hata sisi tukaanza kuota kucheza na watu wa Ulaya. Kabla ya hapo intaneti ya setelaiti ilikuwa inachukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Bosi anakupiga, wewe unaona umeshakufa. Nilipoingia, ramani ya gemu ilikuwa inanionyesha misheni iko wapi na nielekee upande gani. Nilidhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Wenzangu waliotangulia ndio walioniambia kwamba miezi michache tu nyuma, kabla ya Desemba 2009, kazi hiyo ilikuwa inafanywa na nyongeza iitwayo QuestHelper, na asiyekuwa nayo alizunguka porini saa nzima akitafuta pango.

Hebu fikiria. Mimi, kijana wa bweni mwenye kompyuta ya kuazima, nilikula matunda ya mti uliopandwa na mchezaji mwenzangu nisiyemjua, kwa sababu tu kampuni iliamua kuuingiza mti ule uani. Kama wangeuacha nje, nisingejua hata kwamba upo.

Lakini siyo yote yaliyokuwa yameingizwa. Siku ya kwanza nilipoomba kujiunga na kikosi cha watu 25 kwenda Icecrown Citadel, ngome ya mabosi wakubwa, niliulizwa maswali mawili: GearScore yako, ile alama ya ubora wa vifaa vyako, ni ngapi, na je, unayo Deadly Boss Mods, nyongeza inayokuonya kabla bosi hajapiga? Sikuwa na hata moja. Hawakuuliza kama najua kuponya. Nilitolewa. Nikaenda intaneti kafe kuzipakua, maana modemu yangu isingeweza, na kwa haraka nikachukua faili kutoka tovuti ambayo leo ningeipita mbali. Nyongeza zenyewe ni maandishi ya lugha ya programu iitwayo Lua tu, hazina uwezo wa kukuibia nywila. Ila ile faili ya kusakinisha niliyopakua ilikuwa na kitu kingine ndani. Siku ya tatu nikakuta akaunti yangu mtu kaishika, mhusika wangu kavuliwa nguo zote, dhahabu imekwisha. Nililia, mdogo wangu. Sikuwahi kumwambia mtu nyumbani, kwa sababu mjomba ndiye alikuwa ananilipia ada ya mwezi kutoka Muscat kwa kadi yake.

Ndiyo maana ninaposikia "nyongeza ni hiari" moyo unagoma. Kitu ambacho ukikikosa hupewi nafasi siyo hiari. Ni ada. Anailipa mgeni, anailipa mwenye bando dogo, anailipa asiyejua tovuti ipi ni salama. Na kila gemu ikisasishwa anailipa tena, kwa sababu nyongeza zimevunjika na skrini imejaa maandishi mekundu ya hitilafu. Mwenye gemu anayeona hali hiyo akanyamaza, huku anapokea pesa za kila mwezi, anawaachia watu wa kujitolea kazi iliyokuwa yake.

Halafu kuna hili ambalo wewe kama mwandishi wa nyongeza unalijua kuliko mimi. Kadiri nyongeza zilivyokuwa hodari, ndivyo waliobuni mabosi walivyozidi kuwafanya wagumu, wakijua kila mtu anacho kifaa cha kumwambia asimame wapi. Ion Hazzikostas, anayeiongoza gemu hiyo, ameeleza wazi kwamba mbio hizo ni sababu mojawapo ya kufunga. Na huyu siyo mtu wa ofisini asiyejua uwanja. Kabla ya kuajiriwa alikuwa mchezaji, kiongozi wa chama cha Elitist Jerks, wale waliokuwa wakipiga hesabu za kila pigo. Wala si mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2006 waliifunga kwa namna hiyo hiyo nyongeza ya Decursive. Mponyaji alikuwa anabonyeza kitufe kimoja tu, yenyewe inachagua nani amelogwa na dawa ipi apewe. Mimi ni mponyaji. Sioni raha ya kuponya kama kitufe ndicho kinachoponya.

Kwa hiyo ndiyo, wajenge. Ukiniuliza kipimo, kwangu ni hicho: siku watu wanapoanza kukataliwa kwa kukosa nyongeza fulani, kazi yake inapaswa kuwa ndani ya gemu.

Sasa nije kwenye lile unalolilia hasa, na hapo nipo upande wako bila kusita.

Tangu Machi 2009 Blizzard wana masharti: nyongeza lazima iwe ya bure, msimbo wake uonekane na kila mtu, na hairuhusiwi kuomba michango ndani ya gemu. Masharti yale yalikuwa na faida, yalizuia watu kuuziwa kila kitu. Lakini angalia yanamweka wapi aliyebuni. Haruhusiwi kuuza, haruhusiwi kuficha, na wazo lake likipendwa linachukuliwa. Mtu wa namna hiyo anadaiwa nini na kampuni? Mimi nasema anadaiwa kuitwa. Apigiwe simu kabla tangazo halijatoka, aulizwe amejifunza nini kwa miaka yake kumi, jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliotengeneza, na kama kuna kazi ya miezi mingine mitatu alipwe kama fundi mwingine yeyote.

Hilo si ndoto. Wenye gemu ya Minecraft walifanya. Pistoni zilizoingia Juni 2011 zilitokana na kazi ya mchezaji anayejiita Hippoplatimus, na farasi walioingia Julai 2013 walitengenezwa kwa msaada wa DrZhark, mwenye nyongeza ya Mo' Creatures. Wenye gemu ya Factorio walikwenda mbali zaidi: mtengenezaji wa nyongeza ya Space Exploration, anayejulikana kama Earendel, waliingia naye kazini, na upanuzi wao wa 2024, Space Age, una mkono wake. Hapo hakuna aliyeamka asubuhi akakuta kibanda chake kimebomolewa.

Linganisha na yaliyomkuta mchezaji anayeitwa 117 kwenye gemu ya Old School RuneScape. Alikaa kama miaka miwili akiunda nyongeza ya kuifanya gemu ile ya zamani ionekane nzuri, mwanga, maji, vivuli. Septemba 2021, siku moja kabla hajaitoa, Jagex, kampuni yenye gemu hiyo, wakamwambia asitishe kwa kuwa na wao wana mpango wao wa aina hiyo. Siku moja! Wachezaji wakachachamaa, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi mezani, wakaelewana, kazi ikatoka. Nakutajia hili kwa sababu mpango wa kampuni ulikuwa bado ni ahadi, na kazi ya 117 ilikuwa imekamilika. Ukitaka kumtoa mtu kwenye kibanda, jenga nyumba kwanza. Hiyo ndiyo lawama yangu kwa Midnight pia: nyongeza zilizopevuka kwa zaidi ya miaka kumi zilizimwa, na vya kuzibadili vikaanza vikiwa vichanga.

Na kuna jambo kubwa kuliko malipo, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kampuni hujenga kwa ajili ya wengi. Sisi si wengi. World of Warcraft ipo kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kirusi, Kikorea na Kichina. Hata Kipolandi hakimo, na Wapolandi wanaocheza ni wengi kutuzidi mbali. Walijitafsiria wenyewe kwa nyongeza ya WoWpoPolsku. Waukraine wana ClassicUA. Waarabu nao wamejitengenezea yao, na kazi yao ni nzito kuliko yetu, kwa sababu lazima washughulike na herufi na mwandiko unaotoka kulia. Wasioona wana Sku, inayowasomea kwa sauti dunia ya World of Warcraft Classic, lile toleo la kizamani la gemu, hadi wakaweza kutembea na kupigana humo. Ni kampuni gani ingekaa mezani ikapitisha bajeti ya vitu hivyo? Vilizaliwa kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mtu fulani alikuwa na ndugu anayemfikiria.

Nawe una cha kwako. Siyo kile cha mabosi unachokililia. Kile kidogo, ulichomwandikia mdogo wetu wa mwisho mwaka jana alipokuwa haelewi Kiingereza cha misheni, kinachofungua kisanduku pembeni na kumsomesha kwa Kiswahili. Nilikuwepo Tanga sikukuu ile. Nilimwona akisoma kwa sauti hadithi ya mkulima aliyeibiwa mbegu, kisha akaacha kubonyeza ovyo, akaenda mwenyewe kumtafuta mwizi kwa sababu sasa alijua anamtafuta nani. Msimbo ule haugusi vita hata kidogo. Midnight haijaufunga. Na nina hakika hakuna ofisi itakayokuja kuuchukua, kwa kuwa hakuna ofisi itakayotufanyia.

Ndiyo maana ujumbe wako uliposema "nafuta yote, na folda nafuta," nilisimamisha sauti hapo. Kile cha mabosi, kiweke kumbukumbu au kitupe, ni haki yako. Wakubwa wamekichukua na kitawafaa watu wengi, hata kama wamekichukua vibaya, na ukitaka kuwaandikia kudai heshima ya waliobuni nitaweka jina langu chini ya lako. Lakini cha Kiswahili usikifute. Nitumie faili leo usiku, hata kabla hujalala, niwe na nakala.

Nimeshaanza kusahihisha tafsiri zile ulizonitumia zamani, misheni thelathini na moja. Umetafsiri vizuri kuliko unavyodhani. Sehemu moja tu nimekwama. Lile jiwe linalomrudisha mchezaji kwenye nyumba aliyopanga, umeandika "jiwe la nyumbani." Linaeleweka. Ila jina lake la asili linatoka kwenye jiwe la mekoni, na sisi tunalo neno hilo, Bibi alikuwa nayo matatu nyuma ya nyumba. Andika "figa." Mtoto akiuliza figa ni nini, mpeleke akaone.

Kaka yako