Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama: matabibu, wauguzi, wakunga na wenzetu wa maabara,

Mkutano Mkuu uliopita uliazimia kwamba vikao vyetu vipunguze habari za posho na viongeze habari za wagonjwa. Kamati ilitekeleza agizo hilo kwa njia moja tu. Kila kikao kilipangiwa utafiti wa kusomwa na kujadiliwa, na tukaanza na tafiti ambazo wagonjwa wake walikuwa watu wetu. Mkoa wa Tanga hauna haja ya kuazima mifano: Korogwe na Muheza zimo katika majarida yanayosomwa na madaktari wa dunia nzima.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na habari za ada namwachia katibu, maana yeye ndiye anayejua nani hajalipa. Mimi nitaeleza tulichosoma, kwa kuwa ndicho kilichotugombanisha, na ugomvi huo umetufaa.

Tulianza na homa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa vizuri kwa hadubini, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Waliobaki waliumwa kitu kingine, na wengi wao hawakupata dawa ya hicho kitu kingine. Kijana mmoja wa maabara akasema hizo ni habari za kabla ya vipimo vya haraka vya malaria, visivyohitaji hadubini. Tukamletea utafiti wa 2007, uliofanywa ukanda huu huu ili kuona vipimo hivyo vikifika kutabadilika nini. Kati ya wagonjwa waliopimwa wakaonekana hawana malaria, zaidi ya nusu waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo, wawe wamepimwa kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka. Kipimo kilisema hapana, kalamu ikasema ndiyo.

Tangu hapo mambo yamebadilika, na dawa ya mseto haitolewi ovyo kama zamani. Ila kiti kilichoachwa na malaria kimekaliwa na yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi. Mgonjwa anatoka na majibu ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, yaliyopimwa mara moja, ilhali sote tulifundishwa chuoni kwamba kipimo hicho kinaweza kuonyesha ugonjwa uliopita zamani au ugonjwa mwingine kabisa. Anapewa dawa za kuua bakteria, anapata nafuu kwa sababu homa yenyewe ilikuwa ya kupita, na kila mtu anaamini taifodi imetibiwa.

Utafiti wa Moshi ndio tulioujadili kwa muda mrefu kuliko tafiti zote. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina. Walioandikiwa malaria walipopokelewa walikuwa asilimia 60.7, waliokuwa nayo kweli ni 14, asilimia 1.6. Miongoni mwa wengine walikuwamo waliokuwa na bakteria kwenye damu, na wagonjwa 118 walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama: brusela, homa ya Q, riketsia za kupe, na leptospirosisi, ambayo tangu mlipuko wa Lindi wa 2022 wananchi wanaiita homa ya mgunda. Mwenzetu anayefanya kazi kwenye kata ya wafugaji alituuliza ni wangapi kati yetu humuuliza mgonjwa wa homa kama anafuga, kama amezalisha ng'ombe au kama anakunywa maziwa mabichi. Swali hilo ni la bure, halingoji bohari ya dawa.

Msije mkadhani basi kila homa ni ya kuchimbuliwa hivyo. Utafiti wa watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa 2014, ulihusu wagonjwa wa nje, na huko picha ni tofauti: wengi walikuwa na magonjwa ya virusi, hasa ya njia ya hewa, na malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja kati ya kumi hivi. Kwa hiyo kwa mtoto anayekuja zahanati kwa miguu yake, kazi yetu kubwa ni kuzuia mkono usiandike dawa asiyoihitaji. Aliyelazwa ndiye wa kutafutiwa mbali zaidi ya malaria.

Kikao kilichotuwasha moto kilihusu dripu. Utafiti ulioitwa FEAST uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali za Uganda, Kilifi kule Kenya, na hapa kwetu hospitali ya Teule, Muheza. Vitabu vyote vilisema mtoto kama huyo apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Hakuna aliyekuwa amelithibitisha hilo kwa watoto wa Afrika. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati: ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto waliopewa maji ya haraka, ya albumini (protini ya damu) au ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Nasisitiza, maana kuna mwanachama aliyetoka kikaoni akisema sasa tusiwape watoto dripu: watoto wanaoharisha hawakuwamo katika utafiti huo, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara bado anahitaji maji yake.

Wauguzi walikuwa na hoja nyingine, nami naona ilikuwa nzito kuliko ya kitabibu. Mzazi aliyebeba mtoto anayezimia huombwaje ridhaa? Katika utafiti ule, mtoto alipokuwa katika hali ya hatari, mzazi alielezwa kwa ufupi akakubali kwa mdomo, kisha maelezo kamili na saini vikafuata hali ilipotulia. Baadhi yenu hamkuridhika. Hatukufikia mwafaka na sikulazimisha, lakini ningependa kamati za maadili zisikie hoja hizi kutoka kwa watu wanaokaa wodini usiku.

Kuhusu artesunate, dawa ya sindano ya malaria kali, hapakuwa na ubishi. Watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Korogwe na Muheza zikiwamo; vifo asilimia 8.5 kwa waliochomwa artesunate na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Matokeo yalitoka 2010, na mwaka uliofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika kwa watoto.

Wakunga walitufungia mwaka kwa utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 200,000. Damu anayopoteza mama baada ya kujifungua ilikusanywa kwenye mfuko wenye alama badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakaanza kwa pamoja: kusugua tumbo la uzazi, oksitosini ya kukaza tumbo la uzazi, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipa na uchunguzi wa chanzo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Dawa hizo nyingi tulikuwa nazo kabatini siku zote. Tatizo lilikuwa kutambua mapema, maana kwa macho karibu nusu ya kina mama waliovuja damu walikuwa wanapita bila kutambuliwa.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba jambo moja. Kila kituo chenye mwanachama kianze kuandika kwenye rejesta ya MTUHA, yaani kitabu cha taarifa za wagonjwa wa kituo, pembeni ya kila homa ambayo kipimo cha malaria kimesema hapana, ugonjwa ulioandikwa badala yake na sababu ya kuuandika. Jina la mgonjwa lisinakiliwe popote. Baada ya miezi sita tutakusanya maandishi hayo, na kabla ya kuyatumia kwa zaidi ya mazungumzo yetu wenyewe tutaomba kibali kinachostahili.

Wanaotaka kujiunga na kundi la kuandaa fomu ya kukusanyia maandishi hayo wamwone katibu wakati wa chai. Nafasi mbili za wenzetu wa maabara bado ziko wazi.