Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kumpima Mwendeshaji Kreni kwa Haki

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na wote hamjambo. Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na habari za bima zimo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Mimi nitakaa na lile lililotugombanisha mwaka mzima: tuzo ya mwendeshaji bora, na nani apelekwe mafunzo tena.

Pendekezo la kwanza lilikuwa jepesi: hesabu makontena kwa saa, panga majina, wa juu achukue tuzo, wa mkiani arudi darasani. Kupimwa hakuna aliyekataa. Lakini utamlinganishaje aliyepangiwa meli kubwa, shehena imepangwa vizuri, na aliyepangiwa meli kuukuu siku ya kusi kali, kufuli za makontena zinagoma na lori halionekani pale chini?

Kamati ya ufundi ikaja na njia nyingine. Kila zamu ikadiriwe kutokana na rekodi za nyuma: kwa meli hii, upepo huu na malori haya, mwendeshaji wa kawaida angeshusha mangapi kwa saa? Kisha alichoshusha mtu kigawanywe kwa makadirio hayo. Tuseme Fulani kashusha 25 palipotarajiwa 28. Alama yake 0.89. Mwenzake kashusha 18 palipotarajiwa 15. Yeye ana 1.2. Kwa orodha ya kwanza, huyu wa pili ndiye angerudi darasani! Wacheza chesi wameizoea hesabu ya namna hii. Pointi za Arpad Elo, ambazo FIDE, yaani shirikisho la chesi la dunia, ilianza kuzitumia mwaka 1970, hupanda na kushuka kwa tofauti ya matokeo na matarajio. Ukimfunga mnyonge huongezewi cha maana.

Ubishi ulikuwa kwa wenye zamu chache. Kamati inataka alama ya kila mtu ivutwe kuelekea 1, na mwenye zamu chache avutwe zaidi. Gawanya zamu zake kwa zamu hizo ukijumlisha 12; jibu ndilo fungu analobakiwa nalo la kile alichozidi au kupungua 1. Mwenye 1.2 kwa zamu 4 anabakiwa na robo ya ziada yake, yaani 1.05, kwa zamu 60 anapata karibu 1.17. Hiyo 12 ni ya mfano tu. Ya kweli itategemea alama za mtu mmoja zinavyoyumba zamu hadi zamu. Kuna waliosema tunawadhulumu vijana. Sioni hivyo, maana hata siku nne mbaya hazitamzamisha mtu.

Nililosisitiza mimi ni moja: dakika ambazo kreni imesimamishwa kwa upepo zitolewe kwenye hesabu. Asiadhibiwe mtu kwa kuwa mwangalifu.

Kura ya leo ni kukubali majaribio ya miezi sita au kurudisha mapendekezo kwa kamati. Karatasi ziko kwa katibu. Wa zamu ya saa tisa watangulie, basi lao lishafika.