Barua ya wazi kwa Afisa Mazingira wa Wilaya: injini zizimwe kabla buabua hawajaondoka

Mheshimiwa Afisa,

Salamu na heshima zetu zikufikie. Barua mbili tulizileta ofisini kwako kwa mkono, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu hayajaja, ndiyo maana hii ya tatu tunaiandika hadharani.

Jumamosi iliyopita, yapata saa mbili asubuhi, boti mbili za injini ziliingia katikati ya buabua, ndege wa majini wanaohama, waliotua kwenye tope mbele ya mafunjo ya ghuba yetu. Ziliingia mara tatu. Kila ndege walipotulia, boti ziligeuzwa tena ili wageni wapige picha ya kundi likiruka. Mara ya tatu buabua hawakurudi. Hadi saa sita mchana palibaki yangeyange wawili tu. Mlinzi wako alikuwa gatini akitazama. Yeye hatumlaumu: hana mtumbwi, hana filimbi, wala hana karatasi inayomwonyesha mpaka wa boti za injini uko wapi.

Mpaka huo uliuahidi wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Katika mkutano wa Septemba, mbele ya wavuvi, manahodha na mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), ulisema maboya yatawekwa kabla ndege wa kaskazini hawajafika. Walifika Oktoba. Sasa ni Machi, wanajiandaa kuondoka, na majini hakuna hata boya moja.

Machi ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa fujo hii. Buabua mabawa-meupe huzaliana Ulaya ya mashariki na Asia, kisha huja kukaa katika maghuba ya ziwa letu la Viktoria. Majirani zetu, maghuba ya Lutembe na Mabamba hapa Uganda, waliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na ndege hawa ni sehemu ya utajiri wa maghuba hayo. Mwezi huu wanabadilisha manyoya: mwili unageuka mweusi, bawa linabaki jeupe. Wakati huohuo wanakula kwa bidii ili wabebe mafuta ya safari. Chakula chao kikubwa ni wadudu wanaowadokoa juu ya maji, hasa usubi wa ziwani, yaani sami, ambao huibuka siku chache baada ya mwezi kuandama na kupanda angani kama nguzo za moshi. Ndege anayerushwa mara tatu asubuhi moja anatumia mafuta aliyoyatafuta tangu alfajiri, na saa ya kula inampita.

Tunasikia wengine wakisema bila kuwafukuza ndege hakuna picha. Si kweli, na sisi tunaoishika kamera tunaweza kueleza kwa nini. Buabua aliyetua huelekeza mdomo kwenye upepo, na akiruka huruka kuukabili upepo huo. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo mtumbwi unatakiwa ukae upande wa nchi kavu, kaskazini-mashariki mwa kundi, upepo na jua vikiwa mgongoni mwa mpiga picha. Hapo ndege akiinuka mwenyewe anakuja usoni, jicho likiwa na mwanga. Boti za injini zinatokea upande wa ziwa, nyuma ya ndege. Wageni wanarudi na picha za mikia, tena zimetikisika, kwa sababu mtetemo wa injini unapanda hadi kwenye lenzi na tripodi ndiyo inaupokea wote. Alasiri upepo hugeuka ukatoka ziwani, na mtumbwi nao uhamie upande wa pili.

Injini ikishazimwa, mfuko wa mchele wa kilo 2 ukiwekwa juu ya ukingo wa mtumbwi unashika lenzi ya milimita 400 au 500 vizuri kabisa. Kasi ya shata (kifungio cha kamera) iwe 1/2000 ya sekunde au haraka zaidi. Ndege mweupe akiwa mbele ya mafunjo meusi, mwanga upunguzwe kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga cha kamera), la sivyo bawa linaungua na manyoya hayaonekani. Nahodha aende kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, pole pole, kwa mshazari, asielekeze pua ya mtumbwi kwenye kundi. Nusu ya ndege wakiinua shingo, asimame. Wakinyamaza ghafla wote, arudi nyuma, kwa maana hapo wamebakiza sekunde chache waruke.

Na si ndege peke yao. Boti hizo zikikosa gati hupandishwa kwenye ukingo wenye tope bichi, palepale vipepeo weupe wanaohama wanapotua kufyonza chumvi. Kereng'ende wanaokuja na mvua nao hupumzika wakining'inia wima kwenye vijiti vikavu vya ukingoni. Vijiti hivyo vimefyekwa ili boti zipite. Mpiga picha wa wadudu hulala kifudifudi kwenye tope hilo tangu saa kumi na mbili na nusu, wadudu wakiwa bado wana baridi na hawajaanza kuruka. Siku hizi analala hapo akisikiliza injini, na mawimbi yanamfikia yeye na vipepeo pamoja. Amelipa kiingilio, amelipa mtumbwi, amelipa bodaboda ya alfajiri, anarudi na kadi tupu. Wageni wake wa mwaka ujao wanapelekwa ghuba nyingine, na nahodha wa pondo anakosa kazi.

Tunadhani chanzo ni malipo. Nahodha wa injini analipwa kwa safari wala si kwa saa, basi anakimbiza ili awahi abiria wengine. Huenda pia kuna mtu anayeogopa kuwaudhi wenye boti. Hilo unalijua wewe kuliko sisi.

Kama tatizo ni gharama ya maboya, hesabu yake ni ndogo. Madumu 8 ya lita 20, yale ya njano, yafungwe vizuri vifuniko. Kila moja lipate kamba ya nailoni ya milimita 12, urefu mara mbili ya kina cha maji, na gunia la mchanga wa kilo 50 kama nanga. Kamba isikazwe: visiwa vya mafunjo vinavyoelea vikisukumwa na upepo hunasa boya lililokazwa na kuliburuta na nanga yake. Maboya yapangwe mita 150 kutoka kwenye tope. Kabla ya kuyafikia, injini izimwe. Ndani yake ni pondo au kasia tu, mitumbwi miwili kwa wakati mmoja. Manahodha wa pondo wako tayari kuyaweka kwa siku moja, na madumu tutayaleta sisi.

Kinachokosekana ni ruhusa yako, Mheshimiwa. Ukurasa mmoja wenye sahihi na muhuri, ubandikwe gatini kwa Kiswahili na Luganda, na nakala apewe mlinzi. Kama maboya yatachelewa tena, yachelewe. Kama mkutano mwingine hauwezekani, usiitishwe. Lakini agizo la kuzima injini litolewe wiki hii, kwa sababu katikati ya Aprili buabua wengi watakuwa wameshakwenda.

Injini zizimwe mita 150. Tunakuomba hilo moja tu.

Wako katika kazi,

Wapiga picha wa ndege na wadudu, pamoja na manahodha wa mitumbwi ya pondo, wa ghuba hii